Somo la Kumi na Moja: Kumwinua Mgonjwa

Nazibrola, miaka hamsini na mbili,
mpima uzito wa kiwanda cha Zestaponi
hadi siku tanuru lilipozimwa,
anavaa miwani ya kuazima.
Ni nzito kama kofia ya mchomeleaji,
inanuka jasho la wanawake waliotangulia:
Lamzira, ambaye keshafika Bari,
na Eteri aliyerudishwa kutoka uwanja wa ndege.
Akikaza mkanda kisogoni
jiko lake linafutika:
meza, kuni, chupa za matango ya siki,
na mama yake mzazi kitini karibu na dirisha
akichambua maharage.

Mbele yake, Italia.
Jua lake halichomi.
Vigae vyeupe, ndimu zisizooza bakulini,
na mzee Ottavio kitandani,
themanini na tisa milele,
mgonjwa asiyechoka kuugua.
Umeamkaje, anamsalimu kwa Kitaliano,
kwa mara ya mia moja na nne,
na kwa mara ya mia moja na nne
ulimi wa Nazibrola unajikwaa
kwenye herufi ileile.

Juzi alifundishwa maumivu.
Yapo ya kuchoma, ya kuvuta, ya kupwita,
kila moja na jina lake,
na alama ya kijani ukilitamka sawasawa.
Jana ilikuwa familia.
Hapo alikwama.
Maana kwa Kigeorgia mama ni baba
(ndivyo walivyo, usicheke)
na aliyekuzaa ni deda.
Waitaliano, katika hili, wako upande wetu.
Mzee akauliza: mama yako yu hai?
Akajibu bila kufikiri:
La. Alifukiwa mgodini Chiatura,
mwaka ule wa theluji nyingi. Alikuwa na masharubu.
Miwani ikatulia kidogo.
Sikuelewa. Tafadhali rudia.
Akacheka peke yake hadi vioo vikaingia ukungu,
kisha hakucheka.

Leo ni kuinua.
Sauti inaelekeza: piga goti,
mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya mapaja,
mwambie kabla hujamgusa.
Anamwambia: Sasa nitakuinua. Nishike shingo.
Mzee hana uzito.
Hapo ndipo ulipo uongo, na yeye anaujua,
aliyepima mawe tani kwa tani:
hakuna kizito kama mtu
aliyeikatia tamaa miguu yake.
Anakumbatia hewa, anapandisha hewa,
anaketisha hewa kwenye kiti cha magurudumu.
Alama ya kijani.
Hongera, Nazibrola.

Tena.
Mara ya tatu anapiga goti
nusu hatua kushoto, zulia limejikunja,
anafungua mikono,
anatamka kila neno bila kujikwaa,
Nishike shingo,
na shingo inashikwa.

Mikono ya baridi, yenye vumbi la maharage,
isiyojua hata neno moja la Kitaliano.
Na uzito ukaja,
wote, kilo arobaini na sita za mwanamke
aliyeona mikono imefunguliwa
akadhani ni yeye.

Umetoka nje ya eneo la somo, inasema miwani.
Tafadhali rudi.
Mzee Ottavio anasubiri, anatabasamu.

Haivui. Ataivuaje, mikono imejaa?
Anasimama vivyo hivyo katikati ya mwanga wa Bari,
amembeba deda asiyeonekana,
na hajui amweke wapi:
katika chumba anachokiona
hakuna kiti chake.

Maharage yanadondoka sakafuni, moja, moja.
Umesema nini? anaulizwa sikioni.
Naye analitafuta jibu,
na linakuja upesi mno,
sahihi, na alama yake ya kijani,
kwa lugha ya yule mzee.